Mafuta ya limau nyumbani: Faida zake na hatari zake

Siku hizi ni nadra kuingia katika duka la dawa au duka kubwa mjini bila kuona vichupa vidogo vya kioo vyeusi au vya kahawia, vyenye picha ya limau, chungwa au majani ya mchaichai. Muuzaji atakueleza kwamba mafuta yaliyomo huondoa uchovu, hufukuza mbu, hung'arisha uso, hushusha presha na hata kuyeyusha unene wa tumbo. Wasomaji kadhaa wametaka kujua ni lipi la kweli kati ya hayo yote, na kama kuna madhara yoyote ya kuyatumia nyumbani.

Jawabu langu ni hili, na yafaa msomaji alishike tangu mwanzo. Mafuta haya yana milango mitatu ya kuingilia mwilini. Mlango wa pua ni salama kwa watu wengi, mradi yatumike kwa kiasi. Mlango wa ngozi unahitaji uangalifu mkubwa. Mlango wa kinywa ufungwe kabisa. Anayezingatia hayo atafaidi harufu nzuri bila kujuta. Anayeyapuuza huenda akajikuta katika chumba cha dharura, na mara nyingi mgonjwa huwa ni mtoto wake mdogo.

Ni mafuta gani haya?

Kwanza tusichanganye vitu viwili. Maji ya limau ni yale unayokamua katika tunda na kutia katika chai, mchuzi au kachumbari. Mafuta ya limau hayatoki katika maji hayo. Yanatoka katika ganda. Ukitazama ganda la limau kwa makini utaona vishimo vidogo vidogo. Chini ya kila kishimo kuna kifuko cha mafuta, na viwandani maganda husagwa na kukamuliwa bila moto ili vifuko hivyo vipasuke. Mafuta ya chungwa, balungi na ndimu hupatikana pia kwa njia hiyo. Ndimu aghalabu hutolewa mafuta kwa kuchemshwa na kupitisha mvuke, na hivyo ndivyo yafanywavyo mafuta ya mchaichai, mmea ambao si jamii ya mlimau ingawa unanukia kama limau.

Tunda zima hutoa mafuta ambayo ni chini ya asilimia moja ya uzito wake. Maana yake ni kwamba chupa ya mililita 10, ambayo ni sawa na vijiko viwili vya chai, imebeba nguvu za malimau ya kilo moja au zaidi. Kwa hivyo, asemaye kwamba mafuta haya hayawezi kudhuru kwa kuwa yametoka katika tunda tunalokula kila siku, amesahau jambo moja: hakuna mtu anayekula maganda ya kilo nzima ya malimau kwa funda moja.

Jambo la pili ni kwamba mafuta haya hayana vitamini C. Vitamini hiyo huyeyuka majini na hubaki katika maji ya tunda. Daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliyefanya majaribio yake mashuhuri mwaka wa 1747 juu ya ugonjwa wa kuvuja damu kwenye fizi, aliwapa mabaharia wake malimau na machungwa wale. Hakuwapa mafuta ya maganda. Ukitaka vitamini C, kula tunda lenyewe.

Kiasi cha theluthi mbili ya mafuta ya limau ni kemikali iitwayo limonini. Katika mafuta ya chungwa, kemikali hiyo huzidi asilimia 90. Limonini ndiyo inayoondoa mafuta na ulimbo, na ndiyo inayoshika moto kwa urahisi. Pengine ulipokuwa mtoto uliwahi kukunja ganda la chungwa karibu na mshumaa ukaona cheche zikiruka. Hizo cheche zilikuwa ni mafuta haya yakiungua. Basi usiyaweke karibu na jiko la gesi, la mafuta ya taa au la makaa, na usiyamimine juu ya mshumaa unaowaka.

Mlango wa kwanza: Pua

Harufu ya limau na chungwa huwapendeza watu wengi, na kuna utafiti kiasi unaoonyesha kwamba raha hiyo si ya kuwazia tu. Mwaka wa 2000, wataalamu huko Vienna, Austria, waliripoti matokeo ya jaribio walilofanya kwa wagonjwa 72 waliokuwa wakingoja kumwona daktari wa meno. Wengine walikaa katika chumba kilichotiwa harufu ya chungwa na wengine katika chumba cha kawaida. Wanawake waliovuta harufu ya chungwa walikuwa na hofu kidogo kuliko wenzao na walijisikia watulivu zaidi. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana.

Mwaka wa 2014 watafiti wa Iran nao walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa waja wazito 100 waliokuwa na kichefuchefu. Nusu walipewa mafuta ya limau wanuse na nusu wakapewa mafuta ya lozi. Baada ya siku chache wale wa limau walikuwa wamepata nafuu zaidi. Haya ni majaribio madogo, na hatuwezi kuyajengea nyumba. Lakini kwa mama mja mzito anayechefuliwa na harufu ya kitunguu kikikaangwa, kunusa limau ni jambo rahisi ambalo halina gharama wala madhara makubwa.

Njia ya kufanya ni hii. Tia tone moja au mawili juu ya kipande cha pamba au kitambaa cha mkononi, ukishike umbali wa kiganja kutoka puani, kisha uvute pumzi mara chache. Usiyatie ndani ya pua. Usiweke kitambaa hicho usoni mwa mtoto mchanga wala karibu na mto wake. Na mama ambaye hawezi kukaa na chakula wala maji tumboni kwa siku nzima, anayekojoa kidogo mkojo wenye rangi nzito, au anayesikia kizunguzungu akisimama, asibaki nyumbani akinusa limau. Huyo anahitaji kwenda hospitali siku hiyo hiyo, pengine kuongezewa maji kwa mshipa.

Walio na vile vyombo vya umeme vinavyotawanya harufu kwa mvuke wa maji wanapaswa kufuata kanuni tatu. Matone matatu au manne yanatosha chumba cha kawaida. Kiwashe kwa nusu saa hivi kisha ukizime, kwani pua huzoea harufu na mtu huongeza matone bila kujua. Aidha, acha dirisha wazi. Limonini ikikutana na hewa fulani iitwayo ozoni hubadilika na kutoa chembe ndogo sana na kemikali kama vile fomaldehidi, ambazo huwasha macho na koo. Katika chumba kimoja cha kupanga ambamo watu wanne wanalala na dirisha limefungwa, mambo hayo si ya kupuuzwa.

Mwenye pumu achukue hadhari zaidi. Harufu yoyote kali, iwe ya manukato, rangi ya ukuta au mafuta haya, inaweza kumletea shambulio. Akianza kukohoa, kubanwa kifua au kusikia mluzi anapopumua, zima chombo, fungua madirisha, mtoe nje, na umpe dawa yake ya kuvuta. Usijaribu kumtibu kwa kumwongezea harufu.

Na tuseme neno juu ya kujifukiza. Wakati wa janga la Korona mwaka wa 2020 familia nyingi zilijifunika blanketi juu ya sufuria ya maji moto yenye malimau, tangawizi na mkaratusi. Mvuke unaweza kumfanya mwenye mafua ajihisi amefunguka pua kwa muda, lakini hauui virusi. Hatari iliyo kubwa kuliko mafua yenyewe ni ile sufuria. Mtoto akiipindua, ataungua vibaya. Kwa sababu hiyo sishauri watoto wafukizwe hata kidogo.

Kazi za jikoni na usafi

Hapa ndipo mafuta ya limau yanapostahili sifa zake. Matone matano katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji huondoa shombo la samaki kwenye ubao wa kukatia na kwenye sinki. Tone moja kwenye kitambaa hutoa gundi ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, na hutoa ubani wa kutafuna ulionata. Matone machache kwenye pamba ndani ya kabati la viatu hupunguza uvundo.

Hata hivyo, kunukia si kuwa safi. Ubao uliokatiwa kuku unahitaji kuoshwa kwa sabuni na maji moto kwanza. Harufu ya limau juu ya uchafu humdanganya mpishi tu. Kadhalika, usiyachanganye mafuta haya, siki au maji ya limau na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Asidi ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu, na watu wengi wamewahi kuzidiwa wakisafisha choo kidogo kisicho na dirisha.

Kumbuka pia kwamba limonini huyeyusha plastiki za aina fulani, hasa ile nyepesi nyeupe inayotengenezewa vikombe vya kutupwa. Pimia katika kioo au chuma cha pua.

Mbu: Msijidanganye

Swali la mbu ndilo linalonitia wasiwasi, kwani hapa kosa linaweza kuleta kifo. Mkaaji wa Nairobi huenda akapitisha mwaka mzima bila kuugua malaria. Kisha Desemba akasafiri na watoto kwenda kwao, kando ya Ziwa Victoria au magharibi ya nchi, ambako malaria ni nyingi mno, akiwa amebeba kichupa cha mafuta ya mchaichai badala ya chandarua. Watoto waliozaliwa na kulelewa jijini hawana kinga ya kadiri ambayo binamu zao wa kijijini wameipata kwa kuumwa mara nyingi, na malaria ikiwapata huwa kali.

Ni kweli kwamba mbu hawapendi harufu ya mchaichai na jamii zake. Lakini mafuta hayo huruka hewani upesi. Mwaka wa 2002, jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti ambapo watu waliojitolea waliingiza mikono ndani ya kizimba chenye mbu. Dawa za kupaka zenye DEET ya karibu asilimia 24 ziliwakinga kwa wastani wa saa tano. Zile zenye mafuta ya jamii ya mchaichai ziliwakinga kwa chini ya dakika 20. Bangili za kuvaa mkononi zenye dawa hazikuwa na faida yoyote ya maana.

Kuna aina moja ya kipekee. Kutokana na mkaratusi unaonukia limau, watalaamu hutengeneza dawa iitwayo PMD, ambayo hukinga vyema kwa saa kadhaa. Lakini dawa hiyo imesindikwa ili kemikali hiyo iwe nyingi. Mafuta ya kawaida ya mkaratusi huo yanayouzwa kwenye vichupa hayana nguvu hiyo. Hata dawa hiyo iliyosindikwa haipendekezwi kwa watoto walio chini ya miaka mitatu.

Basi ukisafiri, chandarua chenye dawa ndicho cha kwanza, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Kwa wakazi wa Mombasa na miji mingine ya Pwani, ambako homa ya denge ililipuka mwaka wa 2013 na chikungunya mwishoni mwa 2017, kumbukeni kwamba mbu wake huuma mchana, na chandarua cha usiku hakitoshi. Funikeni mapipa ya maji, mwageni maji yaliyotuama kwenye magurudumu na vyungu vya maua, na mpake dawa iliyothibitishwa. Harufu ya limau sebuleni ni ya kuburudisha wageni, si ya kuzuia malaria.

Mlango wa pili: Ngozi

Mafuta haya yasipakwe mwilini yakiwa matupu. Yachanganywe na mafuta mengine yasiyo na ukali, kama ya nazi, alizeti au simsim. Kipimo ni rahisi kukumbuka: tone moja kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kuchanganyia. Hiyo ni takriban asilimia moja, na inamtosha mtu mzima. Usizidishe matone mawili kwa kijiko. Watoto wa chini ya miaka miwili wasipakwe kabisa.

Kabla ya kutumia mara ya kwanza, paka kiasi kidogo cha mchanganyiko huo ndani ya kiwiko, kisha ungoje siku mbili. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, hayakufai.

Msiyadondoshe kwenye karai la maji ya kuoga. Mafuta na maji havichanganyiki. Matone yataelea juu, na utakapojimwagia maji au kumtia mtoto ndani, yatanata kwenye ngozi laini yakiwa na ukali wake wote. Sehemu za siri ndizo huumia zaidi.

Sasa tuje kwa jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, nalo ni jua. Mafuta ya limau, ndimu na bergamoti yaliyokamuliwa bila moto yana kemikali ziitwazo furokumarini. Kemikali hizi zikiwa juu ya ngozi hazifanyi lolote hadi zipigwe na miale ya jua. Hapo huamka na kuunguza ngozi. Uchungu haujitokezi mara moja. Mtu hupaka asubuhi, akaenda kazini, na baada ya siku moja hadi tatu ndipo huona ngozi imewaka, pengine na malengelenge. Malengelenge hupona, lakini huacha alama nyeusi ambazo zinaweza kukaa kwa miezi mingi.

Siku moja alinijia kijana wa kike aliyekuwa na michirizi myeusi shingoni, kama kwamba amemwagiwa chai ya moto ikatiririka. Hakuwa ameungua kwa chai. Alikuwa amejipaka mafuta ya limau matupu kama manukato asubuhi ya Jumamosi, kisha akashinda kwenye harusi iliyofanywa uwanjani. Wengine huletwa na alama za vidole mikononi, baada ya kukamua ndimu nyingi juani bila kunawa, kwani maji ya ndimu yaliyochanganyika na mafuta ya ganda hufanya vivyo hivyo.

Baadhi ya watu hudhani kwamba ngozi nyeusi haiwezi kudhurika hivyo. Si kweli. Weusi hupunguza makali ya jua lakini hauyazuii yote, na ngozi yetu ndiyo huacha alama nyeusi zaidi baada ya kuungua. Isitoshe, tunaishi karibu na Ikweta, na Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako miale ya jua ni mikali hata siku ya baridi. Miale inayoamsha kemikali hizi hupenya kioo, kwa hivyo hata aliyekaa dirishani mwa matatu hajaokoka.

Kanuni ni hii: ukipaka mchanganyiko wenye mafuta ya limau, ndimu au bergamoti mahali panapoonekana na jua, usitoke juani kwa saa 12. Njia bora ni kupaka usiku na kuosha asubuhi, au kupaka mahali panapofunikwa na nguo. Mafuta ya chungwa tamu na yale ya ndimu yaliyopatikana kwa mvuke hayana shida hii.

Kwa wale wanaosugua uso kwa ndimu au mafuta yake ili waondoe madoa au wawe weupe, wajue kwamba wanajitafutia madoa mapya. Chunusi na madoa yana dawa zake zinazofahamika, na daktari wa ngozi atakupa inayokufaa.

Mlango wa tatu: Kinywa

Wapo wanaoshauriwa watie matone katika glasi ya maji kila asubuhi, eti kusafisha ini au kupunguza uzito. Ini hujisafisha lenyewe bila kusaidiwa na mafuta haya, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba yanapunguza unene, sukari au presha. Anayeacha dawa zake za presha kwa kutegemea matone anajiweka katika hatari ya kupooza. Matone yenyewe huelea juu ya maji na kuunguza midomo, koo na tumbo.

Ikiwa unapenda ladha ya limau, kamua limau lenyewe. Ukipenda mchaichai, chemsha majani yake na majani ya chai kama walivyofanya bibi zetu. Kikombe hicho kina mafuta kidogo mno na hakina taabu.

Lakini hofu yangu kubwa si ya mtu mzima anayekunywa kwa hiari. Ni ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayeona kichupa chenye picha ya chungwa na kinachonukia kama peremende. Sote tunafahamu maafa ya watoto wanaokunywa mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda. Mafuta ya limau ni ya jamii hiyo kwa tabia. Ni mepesi, na mtoto akipaliwa, huteleza na kuingia mapafuni, yakaleta nimonia kali. Pia yanaweza kumfanya asinzie au apate degedege. Funda moja linatosha kuleta hatari.

Likitokea hilo, fanya haya:

1. Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimnyweshe maji ya chumvi wala maziwa. Akitapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na huenda yakaingia mapafuni.

2. Mfute mdomo na umwoshe mikono na uso kwa sabuni. Mvue nguo zilizolowa mafuta.

3. Mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na ubebe kile kichupa. Dalili za mapafu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

4. Kukohoa, kupaliwa, kupumua upesi, midomo kugeuka rangi au usingizi usio wa kawaida ni dalili za hatari. Usingoje gari la jirani litoke kazini.

Mafuta yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umwone daktari.

Wenye paka nyumbani nao watahadhari. Ini la paka haliwezi kuzimudu kemikali hizi, na mnyama hujiramba kila kilichomgusa manyoya. Asipakwe mafuta haya hata kwa ajili ya viroboto.

Kununua na kuhifadhi

Soma karatasi ya chupa. Mafuta halisi ya limau huandikwa jina la kitaalamu Citrus limon, ya chungwa tamu Citrus sinensis, na ya mchaichai Cymbopogon citratus au Cymbopogon flexuosus. Ikiwa hakuna jina la mmea, huenda ikawa ni manukato ya kiwandani tu. Tafuta pia tarehe ya mwisho ya matumizi. Chupa iwe ya kioo cheusi, na yenye kizuizi kinachotoa tone moja moja. Kizuizi hicho kinaweza kumwokoa mtoto.

Hewa, joto na mwanga huyaharibu mafuta haya. Limonini iliyokwisha kuoza kwa hewa ndiyo huleta mzio wa ngozi, na mtu akishapata mzio huo huenda ukamfuata maishani katika sabuni na manukato mengine. Funga kifuniko barabara, weka mahali penye ubaridi na giza, na uandike juu ya chupa tarehe uliyoifungua. Baada ya mwaka mmoja, au yakibadilika harufu, yasipakwe tena mwilini. Yaliyosalia yatumie kutolea gundi kwenye chupa.

Mwisho, kichupa kikae juu, ndani ya kabati linalofungwa, pamoja na dawa. Kisiachwe mezani, kwenye mkoba wa mama wala dirishani. Usiyamimine katika chupa ya maji, ya soda au ya dawa ya kikohozi.

Kwa muhtasari

Nusa kwa kiasi, dirisha likiwa wazi. Safishia jikoni, mbali na moto. Kwa ngozi, tone moja kwa kijiko cha mafuta mengine, na usiku. Kwa mbu, chandarua kwanza. Kinywani, hata tone moja lisiingie. Na kama una mtoto mchanga nyumbani, kabla ya kulala leo nenda ukatazame kile kichupa kiko wapi. Tahadhari kabla ya hatari.